Udi wa Mama kwenye Nguo za Mtoto wa Wifi

Nilikwenda Makorora, nyumbani kwa mama, kumwona mtoto wa kaka yangu. Nilipompakata nikamnusa shingoni, na papo hapo roho ikaniuma. Mtoto wa wifi alikuwa ananukia utoto wangu.

Ule ni udi wa mama, si wa dukani. Unapikwa nyumbani: sukari juu ya jiko la mkaa mpaka igeuke rangi, halafu marashi na vibanzi vya udi, kisha unaachwa ugande. Kila Alhamisi jioni mama alitia kipande kwenye chetezo, akakifunika kwa tenga, juu yake akatandaza nguo zetu za Ijumaa na sare za shule. Darasani walinitania eti nimetoka kwenye maulidi. Nikawa nazisuuza sare tena kwa siri na kuzivaa mbichi.

Mimi nilipojifungua, mwanangu alifukiziwa udi wa kununua. Nilidhani mama kachoka kupika. Kumbe unapikwa, ila kwa mwengine.

Nilimfuata mama uani alikokaa mkekani, nikamwuliza bila kuzunguka: kwa nini amfunze mke wa mwanawe, aniache mimi niliyetoka tumboni mwake? Hakukasirika. Alinikumbusha zile sare mbichi.

"Wewe uliukimbia moshi. Mwenzio kaja akakaa nao."

Nikamwambia basi anifunze leo. Akasema hawezi. Macho yake hayaioni tena sukari inapogeuka rangi. Udi wa mwanangu aliupika, ukaungua sufuria nzima, akaona haya kuniambia, akanunua. Tangu hapo wifi ndiye anayepika, yeye anamwelekeza kwa mdomo.

"Mfuate wifi yako akuonyeshe," akasema.

Mimi nionyeshwe udi wa mama yangu na mtu aliyekuja juzi? Nilinuna pale mkekani muda mrefu. Lakini mgongoni nilikuwa na mwanangu, ananuka sabuni ya unga tu, kama mtoto asiye na bibi. Nikanyanyuka.

Wifi hakunicheka. Afadhali angenicheka, ningepata la kumjibu. Alinipa mwiko, akaniambia nikoroge nisisimame, yeye akaikodolea macho sukari. Mimi sikuitazama. Moshi wa kwanza ulipanda mtamu, ukaanza kuwa na uchungu kwa mbali, na nikaijua harufu ile kabla sijafikiri. Ndipo mama alipokuwa akiepua, zamani, mimi nimejibanza mlangoni nimeziba pua.

"Epua," nikasema.

Wifi akasema bado, rangi haijafika.

"Epua," mama akasema kutoka mkekani. "Huyo kasema kweli. Wewe huwa unazidisha."

Tukaepua. Mimi nilifurahi, sitasema uongo, nilifurahi sana. Udi ulipoganda nikabeba vipande vyote vikubwa, wifi nikamwachia makombo yaliyoshika chini ya sufuria.