Mtaro wa Mashineni

Ukikata kushoto pale kwenye mashine za mpunga hapa Kagongwa, utakuta lami ya mita mia nane, mtaro wa mawe pande zote mbili, na kibao kinachozuia malori ya tela. Ndiyo barabara ya mtaa wetu wa Mashineni. Wageni huisifia, wakauliza nani aliyehangaika hadi ikapatikana, na mwenyekiti wetu Deogratias hukunja mikono tumboni na kutabasamu kama bwana harusi. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Barabara ile aliileta Agatha. Deogratias kazi yake ilikuwa kugonga muhuri, na hata muhuri wenyewe aliwahi kuugonga kichwa chini.

Mimi ni Mwaisha, Mama Yasmini. Baba yangu alitoka Tanga kuja kuuza chumvi, akaoa Msukuma, wakanizaa mimi na mdomo wangu huu. Nina mashine moja ya kukoboa mpunga, nyumba ya tatu kutoka kwa Agatha.

Yeye kwao ni Ushirombo. Aliletwa hapa na mumewe Tarsisi, fundi baiskeli, wakapanga nyumba ndogo yenye ua wa minyaa, baadaye wakainunua. Chumba cha mbele Agatha alikifanya steshenari: kompyuta moja na printa moja yenye kelele kushinda mashine yangu. Ukitaka barua ya kuomba kazi, mkataba wa kiwanja, maelezo ya kupotelewa na kitambulisho, ulikwenda kwake. Hakukosea herufi. Alikuwa mpole kupita kiasi, bodaboda yeyote aliweza kumpandishia sauti, lakini ukimwekea karatasi mbele alikuwa mtu mwingine kabisa.

Alizaa mara moja tu, mtoto wa kiume, akaishi wiki saba. Sasa sikiliza desturi ya ukoo wao, maana bila hiyo hutaelewa yaliyofuata. Kwao, mtoto ambaye hajaota meno hazikwi na wanaume. Haifungwi turubai, hawekewi msalaba, hapiti mtu na daftari la rambirambi. Wanawake wanne humzika nyumbani, kando ya ua, na tangu hapo hatajwi tena, hasa mbele ya wanaume. Wanaamini ukimtaja unalifunga tumbo la mama yake. Na kama kaburi litahitaji kufunguliwa, watafungua walewale waliozika.

Tulikuwa wanne: mama wadogo wawili wa Agatha, ambao sasa ni marehemu, bibi yake Sesilia, na mimi jirani niliyebeba ndoo ya maji. Tulimlaza chini ya minyaa, upande wa barabarani. Asubuhi ile, mtoto alipozidiwa, Sesilia alikuwa amembatiza kwa maji ya kikombe, kama Wakatoliki wanavyoruhusiwa, akampa jina la Kalisti. Jina hilo nililisikia siku ile moja tu.

Tumbo halikufunguka, pamoja na kunyamaza kote kule. Mwaka wa tatu Tarsisi alikwenda Geita, kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, akisema atarudi akishapata. Labda anaendelea kutafuta. Wanawake wote wa rika letu mtaani ni Mama fulani. Agatha tulikosa cha kumwita, hadi alipochaguliwa katibu wa kamati ya barabara ndipo tukapata: Katibu. Aliitika vizuri tu. Kila asubuhi kabla ya kufungua steshenari alimwagilia minyaa maji, mmea ambao hata ukiung'oa na kuutupa juani huchipua. Watu walimcheka. Nami nilicheka nao, ili wasije wakauliza.

Barabara tuliihitaji kweli. Kiangazi vumbi liliingia kwenye mchele hadi wateja wakasema wa Mashineni unatafunika kama kokoto. Masika malori yalizama hadi ekseli, mjamzito alibebwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, wanafunzi walikwenda na viatu mkononi. Ofisi ya barabara ya mji ina dirisha la huduma kwa wakazi na wafanyabiashara, na Agatha ndiye aliyekwenda kuuliza wanataka nini. Walitaka barua, muhtasari wa mkutano, na hesabu ya vyombo vinavyopita.

Basi akaketi wiki nzima kwenye benchi mbele ya mashine yangu, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi jua linazama, daftari mapajani. Malori, bajaji, pikipiki, mikokoteni, waenda kwa miguu.

"Katibu, na yule kuku umemwandika?" nilimtania.

"Kuku hana sehemu kwenye fomu, Mama Yasmini," akanijibu bila kuinua kichwa.

Alifuatilia miaka minne. Siwezi kuisingizia ofisi, walimsikiliza kila alipokwenda, ila mitaa ni mingi na mafungu ni machache. Mwaka jana, mwezi wa pili, wakakubali.

Alikuja fundi sanifu mmoja, Ndaki, Msukuma mrefu mwenye adabu, akapigilia vigingi vyekundu. Akaitisha mkutano, akatueleza: barabara itachukua mita kumi na tano kwa upana, mtaro utapita ndani ya nyua zetu, na kazi lazima iishe kabla ya mwisho wa Juni. Mwaka wa fedha ukifungwa, fungu linarudi, na haijulikani tutalipata lini tena. Kila kaya itajaza fomu ya vitu vilivyomo ndani ya vigingi: nyumba, uzio, miti, makaburi.

"Kama una kaburi niambie," Ndaki alisema. "Tutahamisha kwa heshima, na padri au shehe atakuwepo. Msiponiambia, mwenye kijiko hawezi kujua."

Kijiko ni lile tingatinga la kuchimbia. Agatha alikuwa ameketi pembeni yake akiandika muhtasari, na kalamu haikusita.

Fomu zote za mtaa alizijaza yeye, nyumba kwa nyumba. Aliwabembeleza wabishi, akawaeleza wazee, akapima uzio kwa kamba. Kaburi la babu wa nyumba ya mwisho lilihamishwa kwa jeneza jipya, nyimbo na mkono wa afisa afya, wanaume wamevua kofia. Agatha alisimama nyuma kabisa, akilia kuliko wajukuu.

Fomu ya kwake aliijaza mwisho, mimi nikiwa nimeketi mbele yake namsubiri anichapie risiti za mashine. Nyumba: haimo. Uzio: minyaa, mita kumi na mbili. Alipofika kwenye makaburi kalamu ilisimama. Mwenyekiti alikuwa mlangoni akiongea na simu. Agatha alinitazama, nikamtazama. Akaandika "Hakuna", akaikunja.

Mwenyekiti alipoondoka, Agatha akasema kwa sauti ndogo, "Nitampigia Bibi."

Sesilia ndiye aliyekuwa amebaki kati ya wale wanne, yeye na mimi. Alimwambia mjukuu wake asithubutu kulitaja jambo lile mbele ya mafundi. Atakuja mwenyewe, tutafungua sisi wawili, mtoto apelekwe kuzikwa parokiani kimyakimya. Ila miguu haina nguvu, afuatwe. Agatha akamuuliza Ndaki, kwa mzunguko, kijiko kitafika upande wake lini. Alhamisi, Ndaki alimjibu. Jumatatu Agatha akapanda basi la Ushirombo.

Alipita kwangu kuaga. "Nakuachia nyumba, Mama Yasmini," akasema, akiangalia minyaa.

"Nenda bila wasiwasi," nikamwambia. Hatukuongeza neno, na wala halikuhitajika. Nilielewa kama ambavyo ningeelewa angeniandikia barua.

Sasa niseme la kwangu. Uwanja wa mashine yangu ulikuwa na bonde. Mvua ikinyesha malori yalikwama, wateja wakahamia kwa jirani. Nilikuwa nimemwomba Ndaki kifusi, ule udongo unaotoka mtaroni, akaniahidi tripu sita. Alifurahi hata, maana vinginevyo wangeubeba kwenda kuutupa mbali.

Jumanne saa nne asubuhi nikasikia kijiko karibu kuliko nilivyotarajia. Kwenye mitaa mingine hukaa siku mbili kikisubiri wenye nyumba wabishane na kung'oa nyua zao. Kwetu hakuna aliyebisha. Nyua zilikuwa zimeng'olewa, isipokuwa minyaa ya Agatha, fomu zimesainiwa, kila kitu safi, kwa sababu Agatha alikuwa amefanya kazi yake. Kazi yake nzuri ndiyo iliyokileta kijiko siku mbili mapema.

Nilitoka mbio, kanga moja begani. Kijiko kilikuwa kimeshainua mkono juu ya minyaa.

"Ndaki! Subiri kidogo!"

Ndaki akainua kiganja, dereva akazima injini. Deogratias alikuwepo, wabeba magunia wangu walikuwepo, bodaboda wawili walikuwepo, wote wananitazama mimi mwanamke ninayejulikana kwa maneno. Na pale getini kwa Agatha tipa, lori la kubebea udongo, lilikuwa limeegeshwa kinyumenyume, tupu, likisubiri udongo wangu.

"Kuna nini, mayu?" Ndaki akauliza taratibu. Mayu kwa Kisukuma ni mama.

Nikafungua mdomo.

"Chungeni bomba la maji," nikasema.

"Tumeliona, mayu. Asante."

Akashusha kiganja.

Nimejiuliza mara nyingi. Wanaume walikuwepo, na siri haikuwa yangu. Mwisho wa Juni ulikuwa umebakiza wiki tatu, na kaburi jipya lingetaka fomu mpya, afisa afya, padri, labda kazi isimame. Hayo yote ni kweli na ningeweza kuapa mbele ya shehe. Lakini lilikuwepo na lile tipa, na sijui ni lipi kati ya hayo lililonifunga mdomo. Naogopa kujua. Simu nilimpigia Agatha saa saba, baada ya kazi kupita kwake. Haikupatikana, na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru.

Jumatano adhuhuri waliteremka kwenye bajaji. Sesilia alikuwa na kikapu chenye shuka jeupe na jembe dogo jipya. Agatha alimshika mkono kumvusha barabara, kisha akasimama. Mbele ya nyumba yake kulikuwa na mtaro, kina cha kifua cha mtu, kuta zimenyooka vizuri. Minyaa ilikuwa imerundikwa pembeni ikivuja utomvu.

Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Alimwacha bibi yake pale, akaenda moja kwa moja hadi kwa Ndaki, katikati ya wanaume wote wale.

"Naomba fomu yangu," akamwambia.

Ndaki akaitafuta kwenye faili, akampa. Agatha akaiweka juu ya goti, akakata "Hakuna" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake kwa mwandiko wake ule usiokosea. Akasoma kwa sauti, kila mtu akasikia: "Moja. Kalisti Tarsisi. Wiki saba."

Ndaki akaketi kwenye rundo la mawe. "Katibu," akasema, "mimi ningesimamisha kazi. Wallahi ningesimamisha. Mbona hukuniambia?"

Sidhani alimsikia. "Udongo wa hapa mmeupeleka wapi?" akauliza.

Ndaki aligeuza kichwa akaangalia kwangu. "Tripu sita," akasema.

Walikuja wote wawili, polepole, kwa mwendo wa bibi. Uwanja wangu ulikuwa umeshasawazishwa na kushindiliwa, na malori mawili ya mpunga yalikuwa yameegeshwa juu yake, mazito, yamejaa. Wabeba magunia walikuwa wakipita na kurudi. Nilimwamkia Sesilia, "Shikamoo Bibi," naye akapita mbele yangu kama hapakuwa na mtu. Akapiga magoti, akigusa ardhi kwa kiganja hapa, akisogea, akigusa pale, kati ya magurudumu.

Agatha alinifuata mlangoni. Uso wake haukuwa na hasira, na nadhani bado alikuwa akinitegemea. Alidhani labda nilikuwa sokoni, au ndani na kelele za mashine, nikatoka nikakuta yameshatendeka. Angenisamehe. Ndivyo alivyokuwa.

"Mama Yasmini," akasema, "tripu ziko sita. Ya kwangu itakuwa ipi, tujue pa kuanzia?"

"Ya tatu," nikamjibu.

Ilinitoka haraka, bila kufikiri, kama ninavyomjibu mteja anayeuliza gunia lake. Nikaona macho yake yakibadilika.

Alikwenda akamwinua bibi yake kwa kumshika kwapani, akampangusa vumbi magotini, wakaondoka.