Maji ya Paa la Kanisa

Kosa langu kubwa la kwanza nililifanya juu ya paa la kanisa, nikiwa na miaka kumi na saba. Nilizuia mvua nzuri isiingie tangini kwa sababu niliona haijawa safi ya kutosha. Nalitaja mapema kwa kuwa najijua. Nikilisogeza mbele nitaanza kulipamba, na mwisho nitaliruka.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili Newala. Baba alikuwa padri wa Kianglikana, ametolewa Masasi kuja kuhudumia makanisa ya upande wa Makote na Chilangala, na Mama alikuwa mkunga. Tuliacha nyumba yetu ndogo ya Mkomaindo tukapewa nyumba ya mawe waliyoiacha wamisionari wa Kizungu. Ilikuwa na dari refu, kabati la vitabu vilivyoliwa na mchwa, na beseni kubwa la kuogea ambalo sisi hatukuwahi kulitia maji hata siku moja. Mama alihifadhia makopa ya muhogo humo. Wageni wakienda kunawa mikono walirudi wakicheka.

Sisi ni watu wa misheni tangu babu. Mlango wetu haukufungwa mchana, na ugali ulisongwa kwa kukadiria watu watakaotokea, si waliokuwepo. Baba alitoka na baiskeli Jumatatu akarudi Alhamisi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama alinukia sabuni ya dawa hata siku ya Krismasi. Nikiikumbuka nyumba ile, kwanza naisikia: sauti ya Mama ikiita maji ya moto kutoka chumba cha uzazi kilichokuwa hatua chache tu kutoka jikoni.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea. Jambo hilo lilinitia aibu kuliko nilivyoonyesha, nikaamua kujifundisha mwenyewe. Nilisoma lile kabati lote, neno kwa neno, na kamusi pembeni. Kila nilichoshika nilitaka kiwe bila dosari, kana kwamba mtu alikuwa nyuma yangu akinisahihisha. Vibao vya namba za nyimbo niliviandika upya mara tatu. Hakuna aliyeniomba.

Newala iko juu ya mwinuko, na huku juu hakuna mto. Mchanga hunywa mvua papo hapo, na maji yako chini kabisa bondeni. Wanawake walitoka jogoo la kwanza wakarudi jua limepanda. Kwa hiyo paa la bati lilikuwa mali, na paa kubwa kuliko yote lilikuwa la kanisa. Ubavuni mwake kulikuwa na tangi la mawe lenye mfuniko na kufuli. Maji yake yalikuwa ya chumba cha uzazi na ya wagonjwa, na mwaka ule wahitaji walikuwa wengi. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani mwao kuletwa kijiji kipya kando ya barabara, wengine mbali zaidi na njia ya bondeni. Na kutoka ng'ambo ya Ruvuma walikuwa wakiingia wakimbizi wa vita, mama na watoto na sufuria moja. Mama hakuwauliza chochote zaidi ya mimba ina miezi mingapi.

Kila mtu wa huku anajua desturi ya tangi. Mvua ya kwanza huosha paa. Unageuza mdomo wa mfereji wa bati, maji yenye vumbi na vinyesi vya ndege yanamwagika mchangani. Mvua ya pili, au ya tatu kama kunguru walikuwa wengi, unaurudisha mfereji na kuacha tangi lijae. Kazi hiyo nilipewa mimi.

Katika kitabu kimoja nilisoma kwamba maji ya mgonjwa lazima yawe maangavu. Basi kila mvua iliponyesha nilipanda ngazi na bilauri, nikakinga maji ya mfereji, nikayatazama mbele ya karatasi nyeupe. Nikiona chembe moja, nilimwaga na kuuacha mfereji umegeuzwa. Mvua ya pili ilikuwa na chembe. Ya tatu nayo. Ya tano ilikuwa na chembe mbili tu, nakumbuka, na nilisimama pale juu nimelowa nikibishana na nafsi yangu, halafu nikaikataa. Nilikuwa nawafikiria watoto wachanga wa Mama. Sisemi uongo hapo. Lakini nilikuwa najifikiria na mimi pia, jinsi watu watakavyosema maji ya mwaka huu ni kama kioo.

Baba aliniuliza mara moja tu, akiwa anafunga mzigo kwenye baiskeli. "Mfereji umeurudisha?"

"Tayari, Baba."

Nilikuwa nimekusudia kuurudisha kesho yake. Kesho yake haikunyesha. Februari yote haikunyesha, na mvua iliporudi ilikuja nyepesi, ya kulowesha majani tu. Niliurudisha mfereji mbio bila bilauri. Masika ilipokwisha niliingiza fito la kupimia, likatoka limelowa mpaka kiunoni mwangu. Mwaka uliopita lilikuwa limelowa kunizidi kimo. Fito nililiona mimi peke yangu, nikaliweka nyuma ya mlango wa kanisa.

Mikorosho ilianza kutoa maua, na Mama akaona kamba ya ndoo haifiki. Alilisema mezani. Baba akanitazama mimi, mtu wa tangi. "Limepatwa na nini?"

"Labda lina ufa, Baba."

Lilinitoka kirahisi tu. Baba aliandika barua Masasi kwa fundi wa mawe, kisha akazunguka kwa watu watatu kuomba saruji, maana miaka ile mfuko mmoja ulitaka kibali na magoti. Mara nyingi nilitaka kusema. Nilikuwa najiambia nisubiri apumzike kwanza, na Baba hakuwa mtu wa kupumzika.

Fundi alishuka kwenye lori la korosho mwezi wa tisa, mzee mwembamba mwenye kofia iliyokaukiwa na saruji. Mfuko niliubeba mimi mpaka kanisani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwana wa Padri unayesoma vitabu vya Wazungu? Haya, kitabu kinasemaje, ufa uko wapi?"

"Sijui, Fundi."

"Mimi nimesoma nyundo tu. Tuiulize."

Alizunguka tangi akigonga jiwe kwa jiwe, sikio limeelekea ukutani. Kisha akachutama akachimba kwa vidole udongo wa chini. "Tangi linalovuja huotesha majani mguuni," alisema. "Hili mguu wake mkavu kama wangu." Alinitazama kidogo. "Basi utakuwa chini kabisa. Itabidi tulikaushe, mtu aingie."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, akasema si vizuri maji yamwagwe bure, akina mama walete vyombo. Habari ilimtangulia. Walikuja na ndoo, madumu na vibuyu, wamechangamka kama siku ya harusi.

"Leo Ukristo umenoga!" alisema mmoja.

"Hata sisi wa msikitini leo tunasali hapahapa!" akajibu mwenzake, na mstari wote ukacheka.

Mimi sikucheka. Tangu alfajiri kulikuwa na mwanamke wa ng'ambo chumba cha uzazi, uchungu umemshika, uzazi wake wa kwanza. Baada yake walikuwa wanasubiri wengine, na mvua ilikuwa bado miezi mitatu. Mama alikuwa na mapipa mawili tu ya kuwekea. Yakishajaa, yote yaliyobaki yangekwenda na vibuyu vile, kwa ajili ya kutafuta ufa ambao mimi nilijua haupo. Fundi alikuwa ameshavua kofia. Alifunga kamba kwenye ndoo ya kwanza.

Mama alitoka mlangoni kupaza sauti kwamba mapipa yake yatangulie. Nilimfuata.

"Mama, tangi halina ufa."

"Umejuaje?"

"Halikujaa."

"Sema vizuri. Nina mtu ndani."

Nikasema yote, bilauri na karatasi na mvua ya tano, haraka sana, kama mtu anayetapika. Alisikiliza mikono ikiwa juu ili asiguse kitu.

"Lini hiyo?"

"Januari."

"Na huu ni mwezi wa tisa."

"Ndiyo, Mama."

"Baba yako amewapigia magoti watu watatu kwa mfuko ule." Kutoka ndani yule mwanamke aliita, na Mama akageuza kichwa. "Nenda kamwambie Fundi aache kamba. Halafu wale akina mama uwaambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi sina nafasi ya kukusemea."

Fundi alipoambiwa alifungua tu fundo lake. "Nyundo ilikuwa imeshanidokeza," alisema. Nikasimama mbele ya mstari. Sikumbuki maneno niliyotumia. Nakumbuka bibi mmoja aliyekuwa mbele, mkono kiunoni, akinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani mvua ilikuja mpaka hapa mlangoni," alisema, "wewe ukaiambia rudi ukaoge kwanza?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa juu ya ndoo zao. Nilistahimili. Kilichonishinda ni mmoja ambaye hakucheka. Alikuwa na mtoto mgongoni, ametoka mwisho kabisa wa kijiji, ameacha jembe shambani. Aligeuza ndoo yake akaenda zake bila kuniangalia.

Baba alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ukuta. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu.

"Nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Basi."

Hakusema zaidi, siku ile wala baadaye. Ningependa angesema.

Adhuhuri mtoto alilia. Wa kike, mkubwa, mwenye hasira. Mama alikuwa na maji ya kumwogeshea yeye na mama yake, na ya kufulia mashuka. Jioni alipima tangi kwa fito mbele yetu wote, akasema yaliyobaki yatafika Oktoba, hayatafika mvua. Asubuhi iliyofuata nilikuta ndoo imewekwa mlangoni mwangu na kipande cha kanga cha kutengenezea kata ya kichwa. Hakuna mwanamume aliyekwenda bondeni na ndoo kichwani. Wenye baiskeli walipita njia ndefu ya magari. Sisi baiskeli moja tuliyokuwa nayo ilikuwa ya kazi ya Baba.

Nilishuka na wanawake. Njia ilikuwa ya ngazi za mizizi na mawe, wao wakiongea muda wote kama waliokaa jikoni.

"Padri Mdogo, shingo hiyo ni ya kuvaa kola, siyo ya ndoo!"

"Njomba, kata yako imekaa kama kiota cha njiwa. Utaangua?"

Siku ya kwanza nilimwaga nusu. Siku ya pili nilimwaga robo, nikajisikia nimefaulu mtihani ulionishinda darasa la saba. Nilichelewa kuelewa kwamba walikuwa wananitania kwa sababu walikuwa wameshanikubali. Tulipopumzika katikati ya mteremko walitoa ming'oko iliyochemshwa, mizizi ya porini yenye chumvi kidogo, wakanimegea bila kuniuliza kama nataka. Jua lilikuwa linachomoza. Mara moja moja tulisikia mlio mzito wa vita kutoka ng'ambo ya Ruvuma, wote tukageukia huko, kisha mmoja akaanza tena utani. Wiki ya tatu hivi, yule wa mtoto mgongoni alisimama mbele yangu, akanitoa kata kichwani, akaikunja upya vizuri, akanirudishia. Ndoo ilitulia.

Maji ya bondeni yalikuwa ya kijivu. Mama aliyachuja kwa kipande cha kanga, akayachemsha, akayaacha yatulie. Siku moja alinikuta nimeinua kopo kwenye mwanga wa dirisha.

"Weka chini," alisema. "Yakishachemka yanatosha. Huyu hazaliwi kesho, anazaliwa sasa hivi."

Na walizaliwa, mmoja baada ya mwingine. Fundi alikataa kuurudisha mfuko wa saruji Masasi. Alikaa siku nne akasakafia chumba cha uzazi, na jioni alikula kwetu akituigiza mimi na karatasi yangu nyeupe mpaka Baba naye akacheka. Nilimpenda kwa kicheko kile. Mvua ilirudi Desemba tangi likiwa na tope tu, na mimi nikiwa na shingo nene.

Miaka ile naikumbuka kwa hamu ambayo siwezi kuieleza kwa watu waliotusikitikia. Tulikuwa tunakosa karibu kila kitu, na mlangoni hakukukosekana mtu. Vita viliisha. Wakimbizi walirudi kwao ng'ambo, na yule mtoto wa kike wa siku ile alikwenda akitembea kwa miguu yake. Baba alirudishwa Masasi. Nyumba ya mawe sasa inakaliwa na padri mwingine, na mimi nimebaki Newala nafunga mabati na mifereji ya watu, kazi niliyojifundisha mwenyewe.

Wasiwasi bado ninao. Hata kurasa hizi nimeziandika mara nne. Kilichobadilika ni kimoja. Nikikosea kazi ya mtu, naenda kumwambia siku ileile, yeye mwenyewe, kabla hajaanza kutafuta.