Sikio Ambalo Nadège Hakuliona

Nilifanya kazi na Ghislaine Warnotte miaka kumi na mmoja kabla sijamwona akivunja kitu. Siku aliyovunja, alivunja kwelikweli. Alikamata kigoda cha chuma alichozoea kuegemezea mguu wake mbovu, akakishusha juu ya skrini ya kompyuta mara tatu. Mara ya nne kikamponyoka, kikapasua dirisha na kwenda kutua uani, juu ya gari la kamishna. Akaketi. Damu ilimtiririka kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

"Firmin," akaniambia, "niletee kahawa. Na usiniulize kitu."

Sikumuuliza. Pale kituoni hakuna ambaye hakujua.

Ghislaine alikuwa mchoraji wa polisi wa Ombreval, mji wetu wa ukingoni mwa mto Meuse, ambako viwanda vya chuma vilikufa na wanaume wakabaki na ngumi zao. Kazi yake ilikuwa kukaa na mtu aliyepigwa au kuchomwa kisu, na kuitoa kichwani mwake sura ya aliyemtenda, kwa penseli na kifutio. Aliianza kabla hajaajiriwa na yeyote. Akiwa na miaka kumi na tisa alimkuta dada yake ngazini, kisu kimemkaa begani. Alimfunga jeraha kwa aproni, na wakati wakingoja gari la wagonjwa akachora nyuma ya bahasha ule uso aliokuwa akinong'onezewa. Mtu yule alikamatwa siku ileile. Dada alipona, ila mkono wake wa kushoto haukupanda tena juu ya bega.

Watu husema Ghislaine aliichukia akili mnemba tangu siku ya kwanza. Uongo huo. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na mtambo ulipoletwa yeye ndiye aliyetangulia kuukalia. Sisi tulimtania.

"We bibi, hiyo haichongwi kama penseli!" nikamwambia.

"Kaa hukohuko na ujinga wako, zee la makumbusho," akanijibu bila kugeuka. "Mwenzio najifunza."

Alijaza madaftari mawili ya shule. Baada ya wiki tatu aliwashinda maafisa waliokuwa nusu ya umri wake. Ukiuambia mtambo "mwanamume mwembamba, miaka thelathini na kitu, ndevu chache," hujapiga chafya umeshakuletea uso wa mtu ambaye ungemsalimia njiani. Ghislaine alicheka kama msichana. Nadhani kosa lilianzia hapo. Aliupenda mno.

Mwezi Machi mtu mmoja akaanza kuingia madukani mchana kweupe na nyundo. Wa kwanza alikuwa muuza jibini wa mtaa wa kanisani. Alipigwa kisogoni mara mbili, akafa siku ya nne bila kufumbua macho. Wa pili alikuwa fundi saa, aliyepigwa akiwa ameinama juu ya kazi yake. Alipona, lakini alichokumbuka ni mlio wa kengele ya mlangoni tu. Wa tatu alikuwa Nadège Colson, muuza maua. Huyu alikuwa amemwelekea mshambuliaji uso kwa uso. Pigo la kwanza lilimvunja taya, la pili likang'oa meno matano, la tatu likatua mezani kwa kuwa alikuwa ameshaanguka chini, kati ya ndoo za tulipu. Mteja akaingia, ameinamia simu yake. Mwenye nyundo akampisha mlangoni, akatoka akitembea. Hakuiba hata ua.

Siku ya tatu kamishna Quoilin akamwita Ghislaine. "Nataka sura kabla ya saa sita. Mji unachemka."

"Huyo mwanamke hata kunywa maji hawezi, afande."

"Basi mtambo wako umsaidie. Si ndiyo kazi yake?"

Nilikwenda naye hospitali. Taya la Nadège lilikuwa limefungwa kwa nyaya, uso umevimba hadi jicho moja limezama. Aliandika kwenye kibao kidogo: mwembamba. Macho ya rangi hafifu. Ndevu kidogo. Zamani Ghislaine angeweka penseli chini hapo, azungumze habari za mvua, arudi kesho. Siku hiyo aliupa mtambo maelezo hayo matatu, nao ukatoa nyuso nne safi, zenye masikio, nywele, nyusi, hata kovu dogo la kidevuni ambalo hakuna aliyelitaja. Akaigeuza skrini akitabasamu. Nadège akaonyesha kwa kidole uso wa pili.

Saa tano na nusu picha ilikuwa kwenye simu ya kila mtu mjini.

Jumapili, katika soko la ukingoni mwa mto, muuza kuku mmoja alimtazama Thierry Humblet aliyekuwa akinunua vitunguu, akapiga kelele: "Ndiye!" Walimwangusha kati ya meza. Walimpiga kwa ngumi, kwa viatu vya kazi, kwa mbao za kreti. Mwanamke mmoja mzee, ambaye muuza jibini alikuwa kaka yake, alimkita usoni kwa ncha ya mwavuli. Tulipofika tulilazimika kuwapiga watu virungu ili wamwachie. Humblet alikuwa ameshika jicho lake kwa mikono miwili, na kati ya vidole vyake kulikuwa na kitu ambacho sitakieleza.

Alikuwa mwalimu wa kuogelea. Nadège aliposhambuliwa, Humblet alikuwa bwawani na watoto thelathini. Hata lile kovu la kidevuni alikuwa nalo. Alilipata utotoni, kwa baiskeli.

Habari hiyo ilipotufikia ndipo Ghislaine alipokichukua kigoda.

Quoilin alimfukuza jengoni hadi uchunguzi uishe. Lakini hakwenda kwake. Mkono ukiwa na bandeji, alirudi hospitali, akaketi kando ya kitanda cha Nadège, akamshikia kikombe cha supu na mrija. Siku ya kwanza hakumuuliza neno. Siku ya pili Nadège mwenyewe alivuta kibao.

"Nilichagua kwa sababu nilichoka," aliandika. Akafuta, akaandika tena: "Na wewe ulikuwa unatabasamu. Nikaogopa kukuvunja moyo."

Ghislaine aliniambia kwamba sentensi hiyo ilimpiga kuliko nyundo. Akauliza: "Hiyo sura uliyochagua, ulimwona huyo mtu kweli?"

Nadège akatikisa kichwa. Akaandika polepole: "Zile nyuso zilikuwa zimetulia. Yeye hakuwa ametulia."

Kesho yake Ghislaine alinipigia simu nifike kwake na nyundo. Nilimkuta uani, kabichi kumi zimepangwa juu ya benchi.

"Piga," akasema.

"Umerukwa na akili, Ghislaine?"

"Mtambo umelishwa picha za watu waliosimama wima wakingoja kupigwa picha. Mimi nahitaji uso wa mtu anayeua. Piga, nami nichore."

Nilipiga kabichi ya kwanza kama anayegonga mlango. Akacheka kwa dharau. "Mama yako alikuzaa au alikufuma? Piga, we mwoga! Umesahau yule mlevi aliyekuvunja mbavu mwaka juzi?"

Nikapiga. Ya tatu, ya nne, majani yakiruka hadi ukutani, maji yake yakinirukia mdomoni. Ya sita niliipiga mara saba. Nilisikia sauti ikitoka kwangu ambayo siijui, na ukweli ni kwamba nilikuwa nafurahia. Nilipoacha, niliiweka nyundo chini. Ghislaine alikuwa amechora kurasa kumi na mbili. Nilipojiona pale sikujitambua. Paji la uso lilikuwa limeshuka, pua imepanuka, midomo imevutwa. Mke wangu asingenitambua.

"Umeona?" akasema taratibu. "Nadège alimwona huyo. Na mimi nikampelekea picha ya pasipoti."

Alirudi kwa Nadège na kurasa zile, na kioo cha kujaribia mikunjo usoni mwake mwenyewe. Walifanya kazi siku tano, saa moja kila siku, na kila Nadège alipoanza kutetemeka Ghislaine aliufunga mfuko wake wakala biskuti, yaani Ghislaine alikula na mwenzake akafyonza. Kwa penseli tu, vikatoka vitu vitatu. Macho yaliyobana kama ya mtu anayetazama jua. Mkunjo mrefu shavuni. Na mdomo wa juu uliopanda upande wa kulia tu, huku wa kushoto umelala kama umekufa.

Hapo akauhitaji tena mtambo. Alimwendea Quoilin waziwazi, nami nikamfuata kama shahidi.

"Wewe uliyevunja kompyuta ya serikali, unataka nyingine?" Quoilin akamaka.

"Nataka nyingine. Ile nilikuwa naitumia kama mjinga. Niliiachia inijibie, wakati ilitakiwa inibishie."

Alimweleza. Angeupa mtambo mchoro wa uso wenye hasira, kisha auagize uutulize uso ule kwa njia nyingi, kwa umri mbalimbali, mnene na mwembamba, mwenye ndevu na asiye nazo. Na Nadège asichague. Akatae.

"Mtu aliyeumizwa ukimwambia chagua, atachagua ili umwache apumzike," alisema. "Mwambie akatae, uone."

Quoilin alisugua macho. "Siku tatu. Ukikosea tena, natundikwa mimi kabla yako."

Zilitoka nyuso sitini, zikachapwa. Nadège alizichana. Aliichana ya kwanza taratibu, ya pili kwa nguvu, na kufikia ya ishirini alikuwa akizichana kwa ghadhabu, akiguna kupitia nyaya za taya, machozi yakimshuka. Muuguzi alitaka kutuzuia. Nadège akamrushia kikombe. Zilibaki tatu. Ghislaine akazilaza kando kwa kando, akatwaa karatasi nyeupe, akachora kwa mkono yale tu ambayo zote tatu zilikuwa nayo.

Quoilin aliitazama. "Picha gani hii? Mtu hana sikio. Nywele ziko wapi?"

"Nadège hakuliona sikio. Yule mtu alikuwa na kofia."

"Jaza basi! Watu watatucheka."

"Sijazi, afande. Mara ya kwanza tulijaza, na Humblet akalipa kwa jicho."

Ikatoka hivyohivyo, nusu karatasi ikiwa nyeupe, na chini yake onyo kwamba atakayemgusa mtu yeyote kwa sababu ya picha hii atashtakiwa. Walicheka, naam. Lakini mama mmoja mwenye baa ya karibu na reli alipiga simu. Hakuuzungumzia uso. Alisema, "Huo mdomo. Kuna fundi wa mapaa hunywa hapa. Akikasirika mdomo wake hufanya hivyo."

Aliitwa Ludovic Bastin. Tulimkuta saa nne asubuhi uani kwake akipakia vigae. Nilitaja jina lake, naye akageuka, na kwa nukta moja niliona ule mchoro ukipata uhai, mdomo ukapanda upande mmoja. Nyundo ilinivunja mfupa wa bega. Nilimwangukia kwa uzito wangu wote, tukabiringika kwenye vigae vilivyovunjika, akiniuma sikio na mimi nikimgonga kichwa chini, hadi wenzangu watatu walipotutenganisha. Nyundo ilikuwa na nywele za fundi saa bado. Kwa nini alifanya vile, hakusema, hata mahakamani. Aliwatazama majaji kama anayetazama jua.

Ghislaine alirudishwa kazini. Siku aliyopata barua ya kurudi alikwenda kwa Humblet kumwomba radhi. Humblet alifungua mlango, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akampiga ngumi ya mdomo. Tulipomuuliza nani kamvunja jino, alisema ameteleza kwenye ngazi. Niliyajua yaliyotokea kwa sababu Humblet mwenyewe alikuja kituoni kujishtaki. Ghislaine alikana mbele yake.

"Mimi nimeteleza, mwalimu. Nenda nyumbani."

Siku hizi maafisa wapya hutumwa kwake kutoka miji mingine wajifunze mtambo. Asubuhi ya kwanza hawaugusi. Huwaketisha mbele ya mgeni mmoja kwa saa nzima, wamsikilize tu, bila karatasi. Mwaka jana mgeni huyo alikuwa Humblet. Ghislaine alimwomba mara nne, na mara tatu alikataa. Alisimama mbele ya vijana wale, akavua kitambaa cha jichoni, akawatazama mmoja mmoja mpaka mmoja wao akainamisha uso.

"Usiiname," akamwambia. "Tazama. Kisha niulize kitu."

Yule kijana akainua uso. Akauliza kama usiku jicho linamuuma.

"Linauma nikikunja uso," Humblet akajibu. "Kwa hiyo siku hizi sikasiriki sana."

Baadaye alikunywa kahawa na sisi, akaongea na Quoilin habari za mpira. Lakini Humblet hakusemezana na Ghislaine hata neno moja. Alichukua koti lake akaondoka.