Lenzi ya Kumpigia Picha Mke Wangu Akiolewa

Viatu vya ndoa yangu nilivinunua Mchikichini, na nilianza kununua kimoja. Siyo kwamba nina mguu mmoja. Wauza viatu vya mitumba wana desturi yao: mezani wanaweka cha mguu mmoja tu, mwenzake kafichwa kwenye gunia, maana mwizi hana shughuli na kiatu kimoja. Ukikipenda unaambiwa vaa hicho, nisubiri, nakuletea pacha wake.

Basi nikavaa cha kulia. Cheusi, cha kamba, pua imechongoka. Nikakaa juu ya robota la nguo, mguu mmoja waziri, mguu mwingine ndala. Nikasubiri sana. Nilisubiri mpaka mama mmoja wa chapati akaniuliza kama mimi ndiye muuzaji.

Yule bwana akarudi na cha kushoto. Rangi ile ile, kamba zile zile, pua ile ile. Nikaingiza mguu, ukaingia. Vidole tu ndivyo vilivyolalamika.

"Ngozi hiyo, kaka," akasema. "Ngozi ni kama mkwe. Siku za mwanzo anabana, ukishakaa naye analegea."

Nikaona hayo ni maneno ya mtu mwenye akili, nikachukua. Kumbe cha kushoto kilikuwa pacha wa kiatu kingine kabisa, kidogo kwa namba moja. Siku ya ndoa picha ikapigwa moja, maana filamu siku hizo ilikuwa kitu cha heshima. Kwenye picha hiyo nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, wa kushoto nimeuinua kidogo, na mke wangu haangalii kamera, anaangalia mguu.

Nikaenda studio kumgombeza mpiga picha. Mimi shule niliishia la nne, lakini kugombeza nilikuwa nimehitimu. Yule mzee akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema, "Kijana, kamera haisingizii mtu. Uliinua mguu, hukuinua?" Nikasema niliinua. Akanichukua kwenye chumba cha giza, akanionyesha karatasi nyeupe ikilala kwenye dawa na sura ya mtu ikichomoza humo taratibu kama mtu anayeamka. Nilikwenda kugomba, nikatoka msaidizi. Miguu yangu ilipona baada ya wiki mbili. Ule ugonjwa wa picha sijapona mpaka leo.

Nimepiga picha Ilala nzima. Paspoti, ubatizo, maulidi, mahafali, maiti nao nimewapiga, Mungu awarehemu, hao ndio wateja watulivu. Lakini mjukuu wangu, huyu mtoto wa binti yangu mkubwa, ambaye kwa utani wetu wa babu na mjukuu ni mke wangu mdogo, nilikuwa na picha yake moja tu. Alikuwa na miaka sita, yumo kwenye sare mpya ya shule, filamu imebakiza picha moja ya mwisho. Nikabonyeza, akafumba macho. Nikasema nitampiga nyingine kesho. Kesho ile ilichukua miaka ishirini na ushee, nikipiga watoto wa watu.

Sasa mke wangu huyu amepata mchumba. Kijana mwenyewe hana ubaya, anakula vizuri. Nilipomwuliza atanilipa nini kwa kuninyang'anya mke, akasema atanipa heshima. Nikamwambia heshima sina pa kuiweka, nyumba imejaa.

Wiki ya sendofu yake, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, mjukuu akaja na boksi. Anafanya kazi ofisini huko Upanga, kumbe alikuwa anaweka akiba.

"Mume wangu," akasema, "hii ni kamera mpya. Ful-fremu. Nataka Jumamosi unipige wewe, siyo mtu mwingine. Na safari hii sifumbi macho."

Kumbe anakumbuka! Nikafungua boksi. Kamera nyeusi, nzito, inanukia upya. Mbele yake, pale penye lenzi, pana shimo. Nikaiangalia, nayo ikaniangalia imeachama kama mtu kwa daktari wa meno.

"Jicho lake liko wapi?"

Mjukuu akasoma boksi pande zote nne, akasoma na chini. Lenzi inauzwa peke yake. Ni sawa na kuuziwa sufuria ukaambiwa kitako utakikuta duka la pili. Nikaona machozi yanamlenga, nikasema haraka, "Usilie, mke wangu. Jicho nitalitafuta mwenyewe."

Mama yake, binti yangu, ndiye mwenyekiti wa kamati ya sendofu. Naye tayari alikuwa na vijana wake wenye kile kindege cha kupigia picha angani.

"Baba, nakuheshimu," akasema. Mtoto akianza hivyo jiandae. "Lakini sendofu haijaribiwi. Kikao cha mwisho Alhamisi, baada ya alasiri. Tuletee picha moja tu ya kamera hiyo. Ikiwa nzuri, utapiga wewe. Ikiwa mbaya, utakaa kiti cha babu, ule pilau."

Mke wangu mkubwa, yaani bibi yao, yeye alisema neno moja tu: "Viatu."

Jumatano asubuhi nikaenda Kariakoo. Kamera niliiweka kwenye kikapu, nikaifunika kwa khanga, juu nikaweka mafungu mawili ya mchicha, ili wezi waone mzee anayetoka sokoni. Betri niliiacha nyumbani inachaji, ili nikirudi na lenzi niikute imejaa. Naomba mlikumbuke hilo la betri, maana mimi nililikumbuka nikiwa nimeshachelewa.

Sikumaliza hatua kumi Mtaa wa Kongo, winga akanidaka. Winga ni mtu asiye na duka, kwa hiyo maduka yote ni yake. Wewe unataja shida yako, yeye anakukalisha, anakimbia huku na huku kwenye maduka ya wenzake, anakuletea mpaka ulipo, na anaweka chake juu ya bei. Huyu alikuwa na kigoda cha plastiki kibarazani mwa ghorofa moja, kando ya nguzo. Hiyo ndiyo ofisi.

"Shikamoo mzee wangu! Kaa hapo kwa bosi. Unatafuta nini?"

"Marahaba. Jicho la kamera."

Nikafunua mchicha. Alipoiona kamera akapiga mluzi. "Mzee baba, kumbe una chuma! Ful-fremu hii! Nisubiri hapo, dakika mbili."

Dakika mbili za Kariakoo mnazijua. Akaja na lenzi ndefu kama mchi. Nikaipenda, maana ukumbini watu humheshimu mwenye mchi, wanampisha njia. Nikaishika, mkono ukalia. Mimi nina ugonjwa wa bega. Akaenda, akaja na ya pili, fupi, nene, bei yake nikataka kumwomba maji. Akaenda, akaja na ya tatu, nyepesi, nzuri, bei ya kibinadamu. Akaichomeka kwenye kamera. Ikalia *klaa!*

"Umesikia, mzee? Imeingia yenyewe. Hapo umemaliza!"

"Tuijaribu."

"Washa."

Ndipo nikaikumbuka betri. Winga akacheka mpaka akashika nguzo. "Mshua, umekuja kupima suruali umeacha miguu nyumbani! Sasa sikia. Kitu kikiingia hivyo, kinafanya nini? Kinafanya kazi."

Na mimi, mwanamume niliyefunga ndoa kwa mguu mmoja, nikakubali. Tena siyo kukubali tu, nikapata moto wa kununua. Nikanunua kofia ya lenzi ya kuzuia jua, ingawa sendofu ni ukumbini. Nikanunua kipira cha kupulizia vumbi, ambacho wajukuu wadogo walikipenda sana. Stendi ya miguu mitatu, mmoja wake haukubali kusimama. Na fulana ya wapiga picha yenye mifuko kumi na miwili. Naliungama hili mwenyewe: sikuhitaji hata mfuko mmoja, nilitaka binti yangu anione nayo.

Kusema kweli mbele ya ghorofa lile kulikuwa na mtu wa kunishauri. Kando ya barabara, upande wa pili, kuna duka la Mhindi mmoja mzee, mtu wa dini za mababu zake, picha ya mungu wake na udi juu ya kabati. Nilinunua filamu kwake tangu baba yake yuko hai. Lakini nilikuwa nimemnunia miaka kumi na moja. Filamu zilipoanza kufa nilimlilia shida, yeye akasema, "Uza kamera, nunua friji, uza barafu." Barafu! Nikatoka na sikuingia tena. Hata siku hiyo nilipita na mchicha wangu nikitazama mbele kama askari wa gwaride.

Jioni nikamkalisha mjukuu barazani. Nimevaa fulana, kofia ya lenzi iko mahali pake. Betri imejaa. Nikabonyeza. Mjukuu hakufumba macho, kweli, aliyatoa yote mawili. Tukaitazama picha.

Yumo katikati, ndani ya duara, na pande zote giza tupu.

Nikampiga tena. Duara. Nikaifuta lenzi kwa kanzu. Duara. Nikavua ile kofia ya jua. Duara lile lile.

"Mume wangu," mjukuu akasema taratibu, "mbona nimetumbukia kisimani?"

Mama yake akachungulia. "Hii ukiituma kwa wakwe, watatuma kamba tumtoe." Akacheka, kisha akaacha kucheka, akanishika bega lile bovu. "Baba, si lazima. Kaa tu, ule pilau."

Hilo la pilau liliniuma kuliko bega. Mjukuu aliichukua kamera akaifunika kwa khanga, kama unavyofunika chakula cha mtu ambaye hatakuja.

Alhamisi saa mbili asubuhi nipo Kariakoo, kikapu mkononi, stendi kwapani, fulana mwilini, na betri safari hii ndani. Winga hakubisha, namsifu kwa hilo. "Usijali, mzee wangu. Lete lenzi, nakubadilishia. Kaa hapo. Dakika mbili."

Nikampa, nikakaa kwenye kigoda. Saa tatu. Saa nne akapita mbio, akanipungia mkono, akapotea tena. Watu wawili waliniuliza bei ya chaja, mmoja nikamtajia. Saa sita nikaangalia ng'ambo. Mzee wa duka la filamu alikuwa ameegemea kaunta, ananitazama. Sidhani kama alianza kunitazama wakati ule.

Nikaegemeza stendi kwenye nguzo, nikaweka fulana juu ya kigoda kushika nafasi, nikavuka.

"Muuza barafu," akasema.

"Sikuuza," nikasema.

"Najua. Ningesikia umetajirika."

Nikamweleza yote, na kile kisima. Akatoa miwani, akaigeuza kamera yangu kama anamkagua mtoto mchanga.

"Alikupa lenzi ya kamera ndogo. Inaingia, lakini haienei. Ndani ya hii kuna kioo kikubwa, yenyewe inakimulika katikati tu. Sasa nikuulize wewe, fundi. Ful-fremu ni nini?"

Nikasema labda ni jina la kampuni.

"Ni ukubwa wa kipande kimoja cha filamu yako! Ile ile niliyokuuzia miaka yote. Wameuzunguka ulimwengu wamerudi pale pale. Lenzi yako ya zamani iko wapi?"

Iko kabatini kwangu. Iko ndani ya soksi, chini ya mashuka, mke wangu ameihamisha mara tatu akitaka kuitupa. Nikaona haya hata kusema.

Akavuta droo, akachakura, akatoa kipete cha chuma kidogo kama bangili ya mtoto. Upande huu kinashika kamera mpya, upande ule kinashika lenzi ya kizamani. Kabatini mwake alikuwa na lenzi ndugu na ile yangu, imejaa vumbi. Akaifunga, akaminyaminya kamera, akanipa. "Nipige mimi."

Nikazungusha kwa vidole, kama zamani, mpaka nyusi zake zikasimama moja moja. Nikabonyeza. Tukatazama. Yumo yeye, yumo mungu wake na udi wake, kabati limefika mwisho kulia, mlango umefika mwisho kushoto. Hakuna giza hata pembeni. Mvi zote unazihesabu.

"Nimezeeka," akasema.

"Kamera haisingizii mtu," nikasema.

Kipete akakifunga kwenye karatasi, na hakuniachia nilipe zaidi ya kikombe cha chai.

Nikatoka barabarani. Kutoka pale mpaka kabatini kwangu ni mwendo wa mguu, alasiri inakaribia, kamati inakuja, na mke wangu mdogo kaomba ruhusa kazini ili akae barazani macho wazi. Ng'ambo, kigoda kilikuwa pale pale, fulana ya mifuko kumi na miwili imelala juu yake, stendi imeegemea nguzo kwa miguu miwili. Mbali kidogo, katikati ya watu, nikaona mkono wa winga umeinua kitu juu, unanipungia. "Mzee! Dakika mbili!"

Nikamwinulia mkono na mimi. Kisha nikageuka kuelekea Ilala, viatu vyangu vipana vya mpira vikinienea vidole vyote, na upande ule wa kigoda sijarudi mpaka leo.