Presha Niliyoipunguza Bei

Kwa miaka sita nilipatana bei na presha yangu na hakuna aliyenikataza. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Mimi ni dalali wa ng'ombe. Mnadani Dutwa nahesabu kundi mara mbili, kwanza pembe, kisha mikia, kwa sababu mwenye ng'ombe ana sababu zake za kukosea. Presha nayo nikaifanyia hivyohivyo. Duka la dawa karibu na stendi ya Bariadi wakinipima 170, navuka barabara hadi duka la pili. Wakisema 150, nachukua hiyo. Kidonge cha kila siku nikawa nakikata nusu, tukutane katikati. Wauzaji walicheka, wakaniita mzee wa maelewano. Hata mmoja hakusema: baba, kaa chini, hapa hakuna maelewano.

Mwaka jana nikaanza kuishiwa pumzi. Kutoka zizini hadi kwenye mizani nasimama mara mbili, nikijifanya nakagua kwato. Mke wangu hakudanganyika. Akanipeleka hospitali, wakanipiga picha ya moyo.

Daktari, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, akatazama skrini. "Baba, ukuta wa moyo wako umenenepa."

"Unene umekuwa kasoro tangu lini?" Nilidhani ananisifu. Maisha yangu yote unene ndio unaopandisha bei.

"Msamehe, mwanangu," mke wangu akasema. "Huyu akikaa kidogo atakuuzia huo moyo."

Binti akatabasamu kidogo, akanigeuzia skrini. Chumba cha chini, upande wa kushoto, kilikuwa kimeshindana na presha miaka yote hadi misuli yake ikajaa na kukakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa juani. Hakilegei tena vizuri kupokea damu. Kwa hiyo chumba cha juu yake, chenye kazi ya kupokea damu kutoka kwenye mapafu na kumalizia kukijaza cha chini, kinalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kila pigo. Kimetanuka, na sasa nguvu inakiishia.

"Kikichoka kabisa hakitapiga, kitatetemeka tu," akasema. "Damu ikituama humo inaganda. Bonge likipanda kichwani, ndicho kiharusi."

"Kimeshaanza kutetemeka?"

"Bado. Ndiyo maana nataka umeze kidonge kizima."

Bado. Neno hilo nililirudia mara mbili kabla hatujafika getini.

Nikaenda moja kwa moja duka la kwanza. Muuzaji akaniamkia, "Mwangaluka, mzee wa maelewano," nami sikuitikia. Nikamweleza habari ya chumba cha juu.

"Lakini nusu uliitaka mwenyewe," akasema.

Niliitaka, ndiyo. Ila mteja akimpenda ng'ombe mwenye homa, mimi namwambia huyo ana homa, ingawa ni dalali na hakuna anayetarajia ukweli kwangu. Yeye alikuwa amevaa koti jeupe. Nikamwambia hivyo hivyo, mbele ya wateja wawili.

Akachukua kipimo, akanifunga mkanda mkononi. Akapima, akapima tena, maana ananijua. Ya pili ilikuwa juu kuliko ya kwanza. Akautazama mlango, akisubiri nivuke barabara.

"Andika hiyo kubwa kwenye kadi ya kliniki," nikamwambia. "Na hivyo vidonge nipe vizima."