Fundi Kufuli na Picha za Binti Yake

Mtaani walimwita Komeo, maana alikuwa fundi wa kufuli na kwake hapakuingilika ovyo. Mlango wa mbele ulikuwa na vitasa vitatu, na dirisha la binti yake wa miaka kumi lilikuwa na nondo nene kama za benki. Hata mama mkwe alipokuja kuwasalimu alihojiwa kwanza kupitia tundu la mlango. "Nisamehe, mama, dunia imeharibika," alimwambia akimfungulia.

Basi fundi huyu, aliyefungia hata sukari kabatini, kwenye simu hakufungia kitu. Binti aking'oka jino, watu elfu mbili waliomfuata mtandaoni walijua. Akivaa sare, alipigwa picha mpaka jina la shule likasomeka. Siku moja Komeo alipiga picha shuka kavu na kuandika: "Wapendwa, leo siku ya tatu Kipepeo wangu hajakojoa kitandani. Semeni amina!"

Amina zikamiminika. Kesho yake binti alirudi macho mekundu; darasa zima lilikuwa limemsemea amina.

"Baba, ifute."

"Mwanangu, watu wanakupenda!"

Wiki hiyohiyo mwanamume mmoja mtanashati alikuja kibandani kuchongesha ufunguo. Tupa ikiwa inalia, akauliza, "Kipepeo hajambo? Jumanne si hutoka masomo ya ziada saa kumi na moja, akapita ule uchochoro peke yake?"

Fundi akaweka tupa chini. "Tunafahamiana?"

"Wala. Nakusoma tu kila siku." Akachukua ufunguo wake, akaenda zake akitabasamu.

Komeo alifunga kibanda mchana kweupe, akakimbilia shuleni, akamweleza mwalimu mkuu na kumchukua binti. Alipofika nyumbani akaanza kutoboa mlango atie kitasa cha nne.

"Baba Kipepeo, mlango umekukosea nini?" mkewe akamuuliza. "Wewe ndiye unayewatembeza watu chumbani kwa mtoto."

Drili ikanyamaza. Jioni aliketi na binti, wakafuta picha mia nne na kumi na sita. Zilizokwisha kuchukuliwa na watu hazikurudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Usiniweke tena bila kuniuliza," binti akasema.

"Nikikuuliza, utakubali?"

"Hapana."

Fundi akaitia simu mfukoni. Tangu siku hiyo mkewe akawa anamfuata binti masomoni kila Jumanne. Muhula ulipoisha, Kipepeo alishika nafasi ya kwanza darasani. Baba alizunguka na habari ile kifuani kama mwenye kwikwi, hatimaye akamhadithia mkewe, mara tano.