Shikamoo Si Kufuli

Hata leo naikumbuka siku ile, mwanangu, bomba la mtaani kwetu hapa Babati lilipokohoa hewa tupu. Ilikuwa miaka ya shida, hata sabuni ilipangiwa foleni. Nilikuwa kidato cha pili, mwoga wa kuitikia hata jina langu darasani, ila kwenye daftari nilikuwa simba. Niliandika kila kitu: mwendesha pampu kasema dizeli ya pampu imechukuliwa na gari la madiwani kwenda semina Arusha. Semina ya tatu hiyo tangu mvua zikatike. Tena semina ya maji, ukipenda cheka. Sisi tulichota ziwani, na mdogo wangu Petro akaharisha hadi macho yakazama.

Bibi yangu hakujua kusoma, akataka nimsomee daftari. Akauliza nimemwambia nani. Nikasema diwani wetu, Baba Neema, ni mtu mzima, mimi ni wa kumwamkia tu.

Akasonya. "Basi mwamkie. Shikamoo si kufuli, mjukuu wangu. Ni hodi."

Jumamosi kukawa na mkutano wa hadhara. Diwani alipouliza kama kuna swali, nilisimama, magoti yakigongana.

"Shikamoo, Baba Neema."

"Marahaba, binti."

Hapo, mwanangu, mlango ukawa wazi. Mbele za watu, aliyeitikia salamu hawezi kujifanya hasikii kinachofuata.

"Huko semina ya maji mmejifunza nini? Maana dizeli ya pampu mliondoka nayo."

Muuza samaki mmoja akasema labda wamejifunza kunywa soda. Watu wakacheka hadi diwani akatoa leso. Mwendesha pampu, aliyekuwa amejibanza nyuma ya wenzake, naye akasimama kuthibitisha. Mkutano ukaamua palepale: dizeli ya pampu haiguswi, na anayekwenda semina, akirudi asimame atueleze alifuata nini na kwa gharama ya nani. Diwani akakubali, hakuwa na pa kupita. Jumanne bomba likatema maji. Bibi alinawa uso mara tatu, bila sababu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza, daftari lisilosomwa halichoti maji. Mpe kiongozi heshima yake yote, usimpunguzie hata chembe, kisha muulize. Adabu isiyouliza ni woga uliojifunika kanga.

Mungu akujalie ulimi mpole na magoti imara, mwanangu. Na yakigongana kama yangu, simama nayo hivyohivyo.